Vipele, Ndimu na Mashua ya Zongwe

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, nchi yetu ikiitwa bado Zaire, shangazi yangu alinishika kidevu mbele ya mama yangu na nyanya yangu, akanigeuza uso mlangoni penye mwanga kama mtu anayechagua papai sokoni, akasema, "Huyu mutoto ana mimba." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimba nilikuwa siijui hata njia inayopitia. Nilichokuwa nacho, mwanangu, ni vipele.

Nakusimulia habari hii nikiwa na hasira, wala usinibembeleze. Jana jioni nimewasikia, wewe na wenzako, mmekaa pale kwenye ngazi za nyumba yangu mkimsema binti wa jirani: "Mbona uso wake umebadilika? Pale kuna kitu." Kitu gani? Nani kati yenu ni daktari? Na wewe mwenyewe una kipele puani ulichokikamua mpaka kimevimba kama nyanya mbivu, na mkononi una tyubu ya krimu ya sokoni ambayo hata aliyekuuzia hawezi kusoma kilichoandikwa. Nimezeeka nikidhani ujinga huu tuliuzika pamoja na Shangazi Machozi. Kumbe ulikuwa umelala tu. Kaa chini, zima simu hiyo, unisikilize mpaka mwisho.

Wakati ule tulikaa Kalemie, si mbali na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Baba alikuwa baharia wa meli ya mizigo, leo Kigoma, kesho Moba, na tulizoea kumkosa kwa majuma. Mama aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nyanya, aliyemzaa Mama, alikaa nasi. Alikuwa mtu wa milima ya Moba, mfupi, mchache wa maneno, na kutwa alikuwa na ungo mapajani akichambua maharagwe na kusikiliza ya watu. Mimi nilisoma mwaka wa tatu wa sekondari kwa masela, ndivyo tunavyowaita watawa wa kike. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyekuwa amefika hapo. Nilitaka kuwa mwalimu, na nilitaka vibaya sana. Nilikuwa nikiwafundisha kuku wa Mama hesabu. Cheka tu, lakini kuku wale walikaa kimya kuliko wewe.

Nikitoka shule nilishuka ufukweni kumsaidia Mama kuanika. Kazi ya ndagala unaiona kwa mbali ukadhani nyepesi. Unawatandaza mchangani, unawageuza, unafukuza ndege, jua la saa saba limekukalia utosini, na ukimaliza unanuka mpaka ndani ya nywele. Ndiyo maana kila msichana wa ufukweni alifunga ndimu kwenye pindo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga. Unaikata, unasugua viganja, harufu inapungua, unarudi kazini.

Sasa mwaka ule uso wangu uliharibika. Vipele vilianza kwenye paji, palepale nywele zinapoanzia, vidogo vidogo kama mtama. Vikaja vingine mashavuni, vyekundu, vyenye kichwa cha usaha. Kikaja kimoja kidevuni, kigumu, cha ndani, kinauma hata nikitabasamu. Na dawa, mwanangu! Mtu akiumwa tumbo watu humwambia aende hospitali, lakini akiota kipele kila mpita njia ni daktari. Mmoja akaniambia nipake dawa ya meno. Mwingine akaniambia ni damu ya ndoa, inachemka, itatulia nikiolewa. Mwenzangu wa darasani akaapa kwamba vipele vinaletwa na mafuta ya chakula, basi niache mawese, niache karanga, niache na ndagala wenyewe. Nikaacha. Mwingine akaniambia ndimu inavikausha.

Hiyo ya ndimu niliipenda, kwa kuwa ndimu ninayo. Nikawa kila nikinawa mikono pale ufukweni napaka na usoni, shavu hili na shavu lile na juu ya mdomo, maji yakitiririka mpaka shingoni, kisha narudi juani kugeuza samaki. Baada ya siku chache ngozi ikawasha. Halafu yakatokea madoa, ya rangi ya majani ya chai, makubwa kuliko kipele chochote, mengine mviringo, mengine marefu kama njia ya konokono. Unadhani niliacha? Aka! Niliona ndimu haijatosha. Nikaongeza.

Na kitu kinachoniudhi mpaka leo ni hiki: hatukuwa na majina. Kidoa cheusi cha puani, kipele. Jipu, kipele. Alama iliyobaki baada ya kipele kupona, nayo kipele. Ukurutu, surua, kuumwa na mbu, vyote vipele tu, tumemaliza. Samaki tulikuwa na majina yao yote, mpaka wale wasiolika, lakini vitu vilivyoota kwenye nyuso zetu wenyewe tuliviita jina moja kama watoto wa kambo. Na kitu kisicho na jina hukubali jina lolote kitakalopewa. Shangazi Machozi alikuja na jina lake tayari.

Yeye alikuwa dada mkubwa wa Baba, mjane, anakaa Zongwe, kijiji cha wavuvi huko kusini kwenye njia ya Moba. Alikuja na mashua iliyoleta samaki, akiwa na binti yake Zawadi, mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Baba akiwa safarini, neno la Shangazi ndilo lilikuwa neno la Baba, ndivyo tulivyoishi. Na alijisifu mbele ya kila mtu kwamba yeye huijua mimba kabla ya mwenye mimba, kwa kutazama uso tu. Mara ngapi alikosea, hakuna aliyehesabu. Waliosemwa uongo huondoka na aibu yao kimya kimya.

Zawadi nilimpenda. Hakuwahi kwenda shule hata siku moja. Tukienda kuanika nilimwandikia jina lake mchangani, naye alilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, ulimi umetoka pembeni, mpaka wimbi linakuja kulichukua, kisha anasema, "Andika tena." Uso wake ulikuwa laini kama kikombe. Nilimwonea wivu kwa hilo, Mungu anisamehe.

Basi jioni ile tumekaa kula. Bukari, ugali wetu, na ndagala waliopikwa kwa mawese, chakula ambacho mtoto wa Kalemie akikikataa watu humshika kipaji kama ana homa. Nikasukuma bakuli. Shangazi akaniangalia. Nikainama kuchukua maji, na ndimu ikachomoka kwenye pindo la kikwembe, ikabingirika mpaka mguuni kwake. Akaiokota. Akaitazama kwa muda, akanitazama mimi, na hapo ndipo aliponishika kidevu.

"Ndagala anazikataa," akamwambia Mama. "Ndimu anatembea nazo. Na huu uso, tazameni wenyewe, madoa kila upande! Huyu mutoto ana mimba."

"Shangazi, si kweli," nikasema.

"Nyamaza wewe. Tumbo njo litasema."

Zawadi akaweka tonge chini. "Mama, ni vipele tu. Anajipaka ndimu juani, nimemwona mimi mwenyewe."

Alipigwa kofi mpaka tonge likaruka. "Nani amekuuliza?" Hakuna aliyemuuliza, kweli. Hata mimi hakuna aliyeniuliza. Juma lililotangulia nilikuwa nimeona mwezi wangu, jambo ambalo lingemaliza kesi yote pale pale kwenye bakuli la ndagala. Lakini kwetu mama hasemi na bintiye habari hizo. Hiyo ndiyo kazi ya shangazi, na shangazi wangu alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Mama alinitazama, akashika kichwa. Alimwogopa wifi yake kuliko radi.

Kesho yake mambo yalikwenda mbio hata sikuyaelewa. Shangazi alisema masela wakijua watanifukuza mbele ya shule nzima, na Baba akirudi atakuta jina lake limekuwa wimbo wa ufukweni. Bora nitoweke mapema. Huko Zongwe yuko mwanaume aliyefiwa na mke, mwenye mitumbwi na nyavu, hataki kuuliza mengi. Ndugu yake alikuwa papo hapo Kalemie akiuza samaki. Kabla ya jua kutua ndugu yule alikuja na posa, jembe jipya na vikwembe viwili, na Shangazi akapokea kwa mikono yote miwili. Kwa watu wale posa iliyopokelewa imepokelewa. Kuirudisha ni kumtukana mtu pamoja na wafu wake. Mashua ingeondoka keshokutwa yake.

Nililia mpaka macho yakavimba, na Shangazi akayaonyesha macho hayo kwa Mama: "Unaona? Uso wa mimba." Haya, mwanangu, ukishaitwa mwizi hata kikohozi chako ni cha wizi. Nikila ni mimba, nisipokula ni mimba. Mama akaambiwa yunifomu yangu ampe mtoto wa jirani, isije ikaliwa na panya bure. Akaichukua kwenye kamba, sketi ya buluu na blauzi nyeupe, akaanza kuikunja.

"Weka chini hiyo nguo."

Alikuwa Nyanya. Tangu jana hakuwa amesema neno. Ungo ulikuwa bado mapajani, na hakuinua macho kwenye maharagwe.

"Mama, wewe huelewi," Shangazi akaanza. "Penye moshi hapakosi moto."

"Hapa Kalemie kila nyumba inakausha samaki. Moshi uko kila mahali. Tuzime nyumba zote?" Nyanya akaweka ungo pembeni, na alipoweka ungo pembeni sisi wote tulijua kuna jambo. "Nyinyi wawili mnasoma uso wa mutoto. Nani aliwafundisha kusoma? Mimi siwezi kusoma hata jina langu, na najua siwezi. Nyinyi hamuwezi na hamujui. Kesho asubuhi tunakwenda kwa masela wa dispansari. Masela akisema mimba, nitampandisha mashua mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

"Kwa masela! Aibu yote iende shuleni?"

"Aibu imekwisha kufika, Machozi. Imekaa hapa tangu jana, inakula bukari yetu." Kisha akamgeukia Mama, mwanawe, na sauti yake ikawa kali zaidi. "Na wewe. Mutoto wako anasemwa, unakunja nguo. Ulimzaa ili ukunje nguo?"

Mama akalia. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri, isipokuwa Nyanya, ambaye alikoroma.

Asubuhi tulikwenda wanne, Nyanya, Mama, Shangazi na mimi. Dispansari ilikuwa kwenye kilima cha misheni. Masela aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke mnene, mzaliwa wa Moba, mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Shangazi alimweleza yote kwa sauti ya msiba: ndagala waliokataliwa, ndimu, madoa. Masela alisikiliza huku akinawa mikono. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwa siku mbili. Aligeuka akaniuliza mimi.

"Jina lako?"

"Sifa."

"Sifa, ukitoka shule unafanya kazi gani?"

"Naanika ndagala."

"Na mikono unanawa na nini?"

"Na ndimu, masela. Na usoni pia napaka, kwa ajili ya vipele."

"Juani?"

"Juani."

"Nyosha mikono."

Nikanyosha. Akaivuta dirishani, akaipanua vidole. Na pale katikati ya vidole, na juu ya kiganja, na mstari mmoja mrefu ulioshuka mpaka kwenye kiwiko, njia ambayo maji ya ndimu yalikuwa yakitiririka kila siku, yalikuwepo madoa yaleyale ya majani ya chai. Sikuwahi kuyafikiria. Nani anafikiria mikono ya mtu anayefanya kazi?

Masela akamtazama Shangazi. "Mama, na hii mikono nayo ina mimba?"

Nyanya aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka au akilia.

Masela aliniuliza habari za mwezi wangu, nikamjibu. Akanilaza, akanibonyeza tumbo, akaniambia niamke. Hakuna mimba. Kisha akavuta kiti, akatukalisha wote wanne, na kwa hasira kabisa, kama mtu aliyechoka kuona kosa lilelile likipita mlangoni kwake na kikwembe kipya kila juma, akatufundisha. Maneno yale nimeyabeba maisha yangu yote, nikayafundisha darasani miaka mingi, na sasa nayatia kwenye kichwa chako hicho kigumu.

Alisema ngozi ina vitundu, na kila kitundu kina mafuta yake. Mtoto anapokua, mafuta huzidi. Hiyo ni kazi ya mwili, si ndoa inayochemka. Kitundu kikiziba huku mdomo wake uko wazi, yale mafuta hugeuka meusi, na hivyo ndivyo vidoa vyeusi vya puani. Si uchafu, mwanangu, kwa hiyo acha kusugua pua kwa mchanga kama sufuria. Kikiziba huku kimefunikwa, unapata kipele cheupe kidogo kisichouma. Kikiingia wadudu kinakuwa chekundu na usaha juu, na hiyo ndiyo chunusi ambayo kila mtu anaijua. Kile kigumu cha kidevuni kwangu ni chunusi iliyokwenda chini, na ukiikamua hiyo unaisukuma chini zaidi, nayo itakuachia shimo la maisha. Vile vidogo vya kwenye paji, akavinusa, ndiyo, alininusa paji, akasema ni pomadi ya nywele inayoshuka nikilala. Kila kimoja na asili yake, na mimi nilikuwa nikivipiga vyote kwa ndimu!

Jipu akaliweka mbali. Jipu huja peke yake, lina moto, linavimba, linapiga kama moyo, na likiota kati ya pua na mdomo usilitie kidole hata ufanywe nini, maana uchafu wa hapo hupanda kichwani. Unasikia wewe mwenye pua ya nyanya? Baka jeupe lisilosikia ukiligusa, hilo si la kujadili na jirani, hilo ni kukimbia dispansari. Na doa, akasema, doa ni alama tu ya kitu kilichokwisha pita. Chunusi imepona, imeacha kivuli. Kivuli hakikamuliwi, hakichubuliwi, kinangojewa miezi, na jua likikipiga kinakolea.

"Na madoa ya mimba?" Shangazi akauliza kwa sauti ndogo. Nadhani alitaka abakiwe na kitu.

"Yapo," masela akasema. "Hukaa usoni, mara nyingi mashavu yote mawili yakilingana. Hayatiririki kwenye mkono kama mchuzi. Na hata ukiyaona, Mama, uso si cheti. Kuna maradhi ya ngozi, kuna dawa, kuna jua, kuna urithi. Anayetaka kujua huuliza, halafu hupima."

Dawa yangu ilikuwa ndogo mpaka nikaona aibu: sabuni ya kawaida na maji mara mbili kwa siku, pomadi isiguse paji, kofia ya majani juani, vidole mbali na uso, na ndimu irudi kwenye samaki. Nile ndagala, maana ndagala hawana kosa. Ilichukua miezi, nikakata tamaa mara nyingi, na vipele havikuisha vyote hadi nilipokuwa mtu mzima. Lakini madoa yalifutika.

Tukiteremka kilima Nyanya alinishika sikio. Usidhani nilisifiwa kwa kuwa sina hatia. "Na wewe mwenye masomo," akaniambia, "mdomo wako ulikuwa wapi? Uso unawasha, unaongeza. Ngozi inageuka rangi, unaongeza. Mtu akiona moto anamwaga maji. Wewe umeona moto, umeleta kuni. Kwa nini hukumwendea masela siku ya kwanza?"

"Niliona haya, Nyanya. Ni vipele tu."

"Vipele tu," akasema. "Vipele tu vilikuwa vinakupandisha mashua."

Ningependa kukuambia kwamba habari inaishia hapo, tukala ndagala tukacheka. Yunifomu ilirudi kwenye kamba. Jumatatu nilikuwa darasani. Lakini kumbuka jembe na vikwembe vilikuwa bado chini ya kitanda cha Mama, na ndugu wa yule mwanaume alikuwa bado ufukweni akingoja bibi arusi. Neno la uongo, mwanangu, likishatoka haliridhiki kuambiwa ni uongo. Limekwisha kuandaliwa mkeka, linataka mtu wa kuukalia.

Shangazi hakuthubutu kurudisha posa. Kwa Zongwe yote angekuwa mama aliyemchezea mtu aliyefiwa. Alikaa kutwa nzima ameshika tama. Jioni akamwita Zawadi.

Nyanya alisema, safari hii alisema mengi, alisema mpaka sauti ikakauka. Lakini Zawadi hakuwa wa ukoo wake, na Baba alikuwa Kigoma, na ukumbi wote wa maneno ulikuwa wa Shangazi. Mama alijaribu kidogo, akaambiwa ashukuru wake amebaki. Mimi nililia. Kulia kwangu kulisaidia nini? Kesho yake mashua iliondoka kama ilivyopangwa, na Zawadi akiwa amekaa juu ya magunia, amefungwa kikwembe kilichonunuliwa kwa ajili yangu, kirefu mno kwake, amekishika pindo lisilowe. Hakuwa na kipele hata kimoja.

Miaka ikapita. Nimekuwa mwalimu, nimestaafu. Zawadi alizaa, akazika, akazaa tena, akawa mjane kabla ya nywele kugeuka. Alipokuja kunitembelea tukiwa watu wazima, niliona mjukuu wake amemwekea daftari mapajani amsomee, naye amelishika kichwa chini miguu juu, akitabasamu ili mtoto asijue. Nikamwambia, Zawadi, dada yangu, mimi nina deni kwako. Ulisema kweli ukapigwa, na kofi lile lilikuwa langu. Akanitazama uso kwa muda mrefu, huu uso wangu wenye mashimo mawili ya kidevuni, akasema bila uchungu wowote, "Wewe walikupeleka kwa masela kwa sababu ulikuwa na vipele. Mimi nilikuwa sina cha kuonyesha."

Sasa umeelewa kwa nini jana niliwarushia kandambili pale ngazini?

Haya, nasaha yangu si ndefu. Kilicho usoni kwako kiite jina lake kabla hujakigusa. Ukikijua ni cha mafuta, kioshe na ukiache. Ni jipu, lipeleke kwa muuguzi. Ni doa, lingoje. Usichokijua jina usikipake kitu, hata kama anayeuza anaapa kwa mama yake. Na kilicho usoni kwa mwenzako si kitabu chako. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kusoma uso wa mtu kwa sauti kubwa huku mwenyewe hujaulizwa. Ukiona mtu anasemwa, usikunje nguo. Weka ungo chini, useme "tumpeleke kwa anayejua," na useme mapema, kabla posa haijapokelewa, maana maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi utakwenda kwa binti wa jirani, peke yako, bila wale wenzako wa ngazini. Utamuuliza jambo moja tu: "Dada, unapaka nini?" Kisha utamsikiliza.

Mungu akulinde na jua la saa saba, na vidole vyako mwenyewe, na midomo ya watu. Siku watakapokushika kidevu wakusome visivyo, akuinulie mzee mmoja mkali wa kusema "weka chini hiyo nguo." Na ukiwa wewe ndiye mwenye kusema, akupe sauti ya kutosha watoto wawili, si mmoja. Amina.

Sasa lete hapa hiyo tyubu.